Hesabu ya Safari ya Ndege Ukiwa Ngara au Biharamulo: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Ukiuliza ndege kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam inachukua muda gani, utajibiwa haraka: kama saa moja na nusu. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimtoshi mtu anayeanzia safari yake Rulenge, Kabanga, Nyakahura au Biharamulo mjini. Abiria wa wilaya za Ngara na Biharamulo hupanda ndege kwenye uwanja wa wilaya nyingine, mkoa mwingine au nchi jirani. Kabla ya kufunga mkanda wa kiti, tayari amekaa barabarani kwa saa nyingi.

Kwa mgonjwa mwenye miadi Hospitali ya Muhimbili, mwanafunzi anayewahi usaili au mfanyabiashara anayeunganisha ndege ya kwenda Dubai, kosa dogo la hesabu linaweza kumpotezea tiketi nzima. Hesabu yenyewe si ngumu. Unahitaji karatasi, kalamu, simu yenye kikokotoo, na nusu saa ya utulivu kabla ya kulipia tiketi. Muda unaopaswa kuujua ni ule wa kutoka mlangoni kwako hadi mlangoni unakokwenda. Muda wa angani ni kipande kimoja tu cha huo.

Hatua ya 1: Tenganisha umbali wa angani na umbali wa barabarani

Kila miji miwili ina umbali wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, ambao ndege huufuata kwa ukaribu. Wa pili ni wa barabara, unaozunguka milima, mapori, mito na ziwa.

Ngara na Biharamulo zinaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Kwa mstari ulionyooka, miji hii miwili imeachana kwa takriban kilomita 75. Barabara kuu ya lami, hata hivyo, haiendi moja kwa moja. Ukitoka Ngara unakwenda hadi Nyakasanza, unaingia barabara kuu inayotoka mpakani Rusumo, unapita Nyakahura na kushuka hadi njia panda ya Lusahunga, ndipo unageuka kupanda kwenda Biharamulo. Kipande cha Rusumo hadi Lusahunga peke yake kina kilomita 92. Atakayepanga safari kwa kutazama ramani na kupima kwa kidole atachelewa.

Kwa hiyo, kwenye karatasi yako chora safu mbili: moja ya angani, nyingine ya barabarani. Usizichanganye hata mara moja.

Hatua ya 2: Pata namba za mahali

Fungua ramani kwenye simu, bonyeza mahali unapopataka na ushikilie kidole hapo. Zitatokea namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, yaani umbali wa mahali hapo kutoka ikweta. Ya pili ni longitudo, inayoonyesha mahali hapo pako mashariki kiasi gani. Kwetu latitudo ni ya kusini, hivyo simu huitangulizia alama ya kutoa.

Hizi hapa namba utakazozihitaji mara kwa mara:

- Ngara mjini: 2.47 kusini, 30.65 mashariki
- Biharamulo mjini: 2.63 kusini, 31.31 mashariki
- Uwanja wa Bukoba: 1.33 kusini, 31.82 mashariki
- Uwanja wa Chato: 2.81 kusini, 31.67 mashariki
- Uwanja wa Mwanza: 2.44 kusini, 32.93 mashariki
- Uwanja wa Kigali: 1.97 kusini, 30.14 mashariki
- Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam: 6.88 kusini, 39.20 mashariki

Hatua ya 3: Kokotoa umbali wa angani

Nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111 popote duniani. Nyuzi ya longitudo hupungua kadiri unavyosogea kwenye ncha za dunia, lakini karibu na ikweta nayo ni karibu kilomita 111. Kwa kuwa tunaishi jirani na ikweta, kanuni ya pembetatu mraba tuliyosoma shuleni inatosha kabisa kwa safari za Afrika Mashariki.

Chukua Mwanza na Dar es Salaam:

1. Toa latitudo: 6.88 − 2.44 = 4.44. Zidisha kwa 111, unapata kilomita 493.
2. Toa longitudo: 39.20 − 32.93 = 6.27. Zidisha kwa 111, unapata kilomita 696.
3. Zidisha kila jibu kwa lenyewe, kisha jumlisha: 243,049 + 484,416 = 727,465.
4. Tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Jibu ni kama kilomita 853.

Kwa njia hiyohiyo, Bukoba hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,025, Chato hadi Dar es Salaam kama 950, na Kigali hadi Dar es Salaam karibu 1,145. Bukoba na Mwanza zimeachana kwa kilomita 174 tu, kwa sababu ndege hukatiza juu ya ziwa wakati basi linalizunguka.

Hatua ya 4: Geuza kilomita kuwa saa za angani

Hapa unahitaji kujua aina ya ndege, na tiketi au ratiba huitaja. Ndege za pangaboi ni za mwendo wa wastani: kwa hesabu za nyumbani, ipe ATR kilomita 500 kwa saa na Dash 8-400, maarufu kama Q400, kilomita 600. Ndege za jeti, kama Airbus A220 ya Air Tanzania, zipe kilomita 800.

Gawanya umbali kwa mwendo, kisha ongeza dakika 30. Dakika hizo ni za ndege kutembea ardhini, kupaa, kupunguza mwendo na kujipanga kutua. Bila kuziongeza, jibu lako litakuwa fupi kila mara.

- Mwanza hadi Dar es Salaam kwa jeti: 853 ÷ 800 ni kama saa 1 na dakika 4. Ongeza 30, unapata saa 1 na dakika 34.
- Safari hiyohiyo kwa Q400: 853 ÷ 600 ni saa 1 na dakika 25. Ongeza 30, unakaribia saa 2.
- Bukoba hadi Mwanza kwa Q400: 174 ÷ 600 ni dakika 17. Ongeza 30, unapata dakika 47.

Mfano wa mwisho unafundisha jambo kubwa. Kwenye safari fupi, sehemu kubwa ya muda huishia kwenye kupaa na kutua. Tena, baadhi ya safari za Bukoba hupitia Mwanza kushusha na kupakia abiria. Ukiona tiketi ina kituo katikati, kokotoa kila kipande peke yake na uongeze muda wa ndege kusimama.

Hatua ya 5: Linganisha viwanja vinavyofikika

Watu wengi huchagua uwanja kwa mazoea. Chagua kwa hesabu. Kwa mstari ulionyooka, huu ndio umbali wa viwanja kutoka Ngara mjini:

- Kigali: kilomita 80
- Chato: kilomita 120
- Bukoba: kilomita 180
- Mwanza: kilomita 253

Na huu ndio umbali wake kutoka Biharamulo mjini:

- Chato: kilomita 45
- Bukoba: kilomita 155
- Mwanza: kilomita 180

Uwanja ulio karibu si lazima uwe wa haraka. Chato uko jirani kabisa na Biharamulo, na Air Tanzania ilianza kutua huko mwaka 2021. Lakini uwanja wenye safari chache kwa wiki unaweza kukulazimu kusubiri siku mbili, na siku mbili ni nyingi kuliko basi la kwenda Mwanza. Hivyo, angalia siku za safari kabla ya kuangalia kilomita.

Mwanza uko mbali zaidi lakini una ndege nyingi kwa siku, na ukiikosa moja kuna matumaini ya nyingine. Njia ya kufika huko imerahisishwa sana na Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Daraja hilo lina urefu wa takriban kilomita 3. Zamani msafiri alisubiri kivuko, na foleni ya magari ikiwa ndefu muda wake haukutabirika. Leo kipande hicho ni cha dakika chache, na hesabu zote za zamani za kufika Mwanza zinapaswa kuandikwa upya.

Bukoba unamfaa zaidi mtu wa upande wa kaskazini wa Biharamulo anayeweza kupanda gari la kupitia Muleba.

Kigali unamfaa mtu wa Ngara anayekwenda nje ya nchi. Kuna kituo cha pamoja cha mpakani Rusumo, kwa hiyo ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja. Bado utahitaji hati ya kusafiria, na ni busara kubeba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Weka saa moja ya ziada kwa ajili ya mpaka.

Hatua ya 6: Pima barabara kwa mwendo wa kweli

Kama hujui kilomita za barabara, chukua umbali wa mstari ulionyooka na uzidishe kwa 1.4. Pale unapojua kuwa njia inazunguka sana, zidisha kwa 1.5 au zaidi. Biharamulo hadi Mwanza: 180 × 1.4 ni kama kilomita 250. Ngara hadi Mwanza: 253 × 1.5 ni kama kilomita 380.

Vipande vingine vinajulikana vizuri. Biharamulo hadi Bwanga ni kilomita 67. Uyovu, pale Runzewe, hadi Bwanga ni kilomita 45. Usagara hadi Geita ni kilomita 90. Msafiri wa Ngara anaweza kupita Lusahunga na Runzewe hadi Bwanga bila kuingia Biharamulo mjini, kisha akaendelea na Katoro na Geita hadi kuvuka daraja.

Kosa kubwa ni kugawanya kilomita hizo kwa 80, ule mwendo ambao basi haliruhusiwi kuuzidi. Basi husimama kushusha na kupakia, hupita vijijini kwa mwendo mdogo wa lazima, hukaguliwa na askari, na husimama kwa chakula. Tumia kilomita 50 kwa saa. Biharamulo hadi Mwanza itakuwa saa 5, na Ngara hadi Mwanza kama saa 8. Msimu wa mvua, au pale barabara inapotengenezwa na magari yanapishana kwa zamu, tumia 40.

Baada ya hapo, nenda stendi ukathibitishe. Usimuulize wakala wa tiketi, ambaye kazi yake ni kuuza. Mtafute kondakta au dereva wa njia hiyo na umsalimie kwa heshima: "Shikamoo mzee, jana mliingia Mwanza saa ngapi?" Neno "jana" ndilo linaloleta jibu la kweli. Ukiuliza "huwa mnaingia saa ngapi," utapewa muda wa siku ambayo mambo yote yalikwenda sawa.

Hatua ya 7: Soma saa ya tiketi bila kukosea

Tiketi ya ndege huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na siku yake huanza usiku wa manane. Ili kupata saa yetu, toa 6; jibu likizidi 12, toa tena 12. Tiketi ikisema 16:00, ndege inaondoka saa 10 jioni. Ikisema 07:40, ni saa 1:40 asubuhi. Ikisema 00:30, kutoa 6 hakuwezekani, kwa hiyo ongeza 6: ni saa 6:30 usiku. Tarehe nayo imeshabadilika. Kwa ndege ya tarehe 15 saa 00:30, unatakiwa kuwa uwanjani usiku wa tarehe 14. Andika saa ya Kiswahili pembeni ya kila saa ya tiketi, na umpe mtu mwingine wa nyumbani aikague.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa Ngara wanalijua kuliko Watanzania wengi. Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ikiwa Rusumo upande wetu ni saa 4 asubuhi, ng'ambo ya mto Kagera ni saa 3. Ukiwa Kabanga au Rusumo, simu inaweza kunasa mtandao wa ng'ambo na kujirudisha nyuma saa moja bila kukuambia. Kengele uliyotegesha ya saa 10 alfajiri italia wakati kwetu ni saa 11, na basi limeondoka. Ukilala karibu na mpaka, zima mpangilio wa saa wa kujiendesha kwenye simu na uweke saa ya Tanzania kwa mkono.

Tofauti hiyo pia hupotosha muda wa angani. Tuseme tiketi inaonyesha unatoka Kigali 09:00 na kufika Dar es Salaam 12:00. Kwa macho ni saa 3. Kwa kweli ni saa 2, kwa sababu kila mji umeandikiwa saa yake. Kanuni ni hii: badilisha saa zote mbili ziwe za nchi moja, ndipo utoe.

Hatua ya 8: Anza mwisho, rudi nyuma

Hapa vipande vyote vinakutana. Anza na saa ya ndege kuondoka, kisha rudi nyuma hadi mlangoni kwako. Tuchukue mfano wa abiria wa Biharamulo mwenye ndege ya kutoka Mwanza saa 10 jioni:

1. Kuwa uwanjani saa 2 kabla, kwa ukaguzi na kupima mzigo: saa 8 mchana.
2. Kutoka stendi hadi uwanjani, tenga saa 1: saa 7 mchana. Ukitoka darajani unaingia Mwanza kupitia Usagara, upande wa kusini, na uwanja uko upande wa kaskazini. Ni lazima ulivuke jiji, na foleni yake haijali tiketi yako.
3. Basi kutoka Biharamulo, saa 5: saa 2 asubuhi.
4. Akiba ya pancha, mvua na kusubiri abiria, saa 2: saa 12 asubuhi.

Basi la saa 12 asubuhi ndilo lako. Kama la mapema zaidi linaondoka saa 3, kata tiketi ya ndege ya jioni zaidi au ondoka siku moja kabla.

Kwa msafiri wa Ngara, hesabu hiyohiyo ingemtaka aondoke saa 9 usiku. Mabasi yaliruhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, lakini kwa mgonjwa, mzee au mama mwenye mtoto mchanga ninashauri bila kusita: ondoka siku moja kabla, lala Mwanza, panda ndege ukiwa umepumzika. Gharama ya chumba cha usiku mmoja ni ndogo kuliko ya tiketi iliyopotea.

Sasa jumlisha safari nzima ya Biharamulo: kuanzia saa 12 asubuhi hadi kutua Dar es Salaam kama saa 11:35 jioni, kisha saa moja na nusu ya kusubiri mzigo na kufika mjini. Utafika unakokwenda kama saa 1 usiku. Ni saa 13, na angani umekaa saa moja na nusu tu. Basi la moja kwa moja kutoka Rusumo hadi Dar es Salaam hupita takriban kilomita 1,300, ambazo kwa mwendo wa 50 ni saa 26. Ndege inaokoa karibu nusu ya muda. Ukishaijua nusu hiyo, unaweza kuamua kwa haki kama inastahili bei yake.

Akiba ya muda ina sababu nyingine kubwa kuliko foleni. Hali ya hewa ya Ziwa Victoria hubadilika ghafla. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, ikiwa na watu 43. Watu 19 walifariki, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuokoa. Rubani akitangaza kuwa anasubiri mawingu yapungue au anarudi Mwanza, mwombee heri na umshukuru. Panga safari yako kwa namna ambayo kuchelewa huko hakutakuharibia jambo, ili usiwe miongoni mwa wanaopiga kelele kaunta wakitaka ndege iondoke.

Hatua ya 9: Tumia hesabu hiyohiyo kwa miji ya mbali

Mfanyabiashara anayefuata bidhaa China mara nyingi hupitia Dubai. Kutoka Dubai hadi Guangzhou, miji miwili ya Asia, anahitaji hesabu ileile yenye marekebisho matatu.

Kwanza, umbali. Dubai iko 25.25 kaskazini na 55.36 mashariki, Guangzhou iko 23.39 kaskazini na 113.30 mashariki. Huko ni mbali na ikweta, hivyo nyuzi ya longitudo imepungua hadi kama kilomita 101. Ukitumia 101 kwa longitudo na 111 kwa latitudo, unapata takriban kilomita 5,860. Umbali halisi, unaofuata mviringo wa dunia, ni kama 5,830. Tofauti ni ndogo sana kwa mtu anayepanga safari.

Pili, mwendo. Jeti kubwa ya safari ndefu ipe kilomita 850 kwa saa: 5,830 ÷ 850 ni saa 6 na dakika 52. Ongeza 30, unapata kama saa 7 na dakika 20. Kurudi huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu pepo za juu angani huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki: zinaisukuma ndege ikienda na kuipinga ikirudi.

Tatu, saa za nchi. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4. Ukiondoka Dubai saa 4 asubuhi, utakaa angani hadi saa 11:20 jioni ya Dubai, na utakuta Guangzhou ni saa 3:20 usiku. Kwa Tanzania, Dubai iko mbele kwa saa 1 na Guangzhou kwa saa 5. Kumbuka hilo kabla ya kupiga simu nyumbani Biharamulo, maana asubuhi na mapema ukiwa Guangzhou, kwao bado ni usiku.

Kabla hujalipa

Hakikisha karatasi yako ina mistari sita: saa ya kutoka nyumbani, saa ya basi, saa ya kufika stendi, saa ya kuwa uwanjani, saa ya ndege na saa ya kufika. Zote ziwe kwa saa ya Kiswahili, na akiba iwe imeandikwa wazi. Hakikisha jina kwenye tiketi linafanana na la kitambulisho chako, na soma uzito wa mzigo unaoruhusiwa kabla ya kufunga mkungu wa ndizi wa kumpelekea shangazi.

Mstari mmoja usipokubali, badilisha tiketi ukiwa bado hujalipa. Ukishalipa, kila badiliko lina gharama, na saa uliyoikosa hairudishwi na kampuni yoyote. Mistari yote sita ikikubali, lipa, mwachie mtu wa nyumbani nakala ya karatasi, na uende ukalale mapema.